Mjomba Fundi Anajibu: Black Panther wa Elfu Kumi na Mbili

Mwezi huu najibu barua nne, na ingawa mimi ni fundi wa saa, inayouliza habari ya saa hakuna hata moja. Sikatai. Wanaonisoma siku nyingi wanajua kwamba kwenye meza yangu hapa Tororo, kati ya saa za watu na glasi ya chai, wamesimama mashujaa kumi na mmoja wa plastiki wakinitazama nikifanya kazi. Wa kwanza waliletwa na deni. Mteja alishindwa kulipia saa ya ukutani, akaniachia mfuko wa vitu vya watoto wake waliokwisha kua. Nilinuna wiki nzima. Siku moja, kazi ikiwa imelala, nikaweka kioo cha kukuzia jichoni nikamtazama mmoja wao gotini, nikaona pini mbili ndogo zimepita pale sawasawa na zile za mkanda wa saa. Nikasema, kumbe na hawa wana fundi wao.

Basi tuanze na kijana wa Kisenyi, ambaye barua yake ilifika mwezi uliopita nikaikalia.

*

Shikamoo Mjomba Fundi. Mimi ni mtu wa boda, steji yangu iko Kisenyi, Kampala. Nilimpeleka abiria soko la Owino, na wakati namngoja nikachungulia kwa mama mmoja anayeuza vitu vya watoto vya mivumba. Chini ya gunia nikamwona Black Panther, yule shujaa wa filamu ya Marvel. Mama alitaka sh. 20,000, tukaelewana 12,000. Kimo chake ni kama sentimita 15. Viungo vinakunja, ila mkono wa kushoto umelegea na goti la kulia limeganda. Rangi ya fedha imechubuka kifuani. Hana boksi wala kitu kingine. Sasa navutwa huku na huku. Jirani yangu anayeuza vitu kwa simu anasema ni feki, ila kwa kunihurumia atanipa 10,000. Kijana mmoja wa chuo anayekusanya sanamu hizi anatoa 150,000. Na kwenye simu nimeona mtu Marekani amemwandikia huyuhuyu dola 80, karibu laki tatu za kwetu. Nakutumia picha nne. Niuze, ningoje, au nimwache kwa mtoto wa dada yangu, ambaye analala naye tangu siku ile?

Mpwa wako wa Kisenyi

*

Marahaba mpwa wangu, na pole kwa jua la barabarani.

Jirani kwanza, maana huyo ndiye rahisi. Mtu anayekwambia maziwa yamechacha huku ameshashika kikombe, mimi simsikilizi. Kama ni feki, elfu kumi yake anaitupa ya nini?

Picha zako nimezitazama usiku, umeme ulipokubali. Mbili za kwanza ulipiga uso, na hazikunisaidia kitu. Hilo ni kosa la karibu kila anayeniandikia. Uso ndio sehemu ambayo mwigaji huihangaikia kuliko zote, kwa sababu naye anajua utatazama uso. Unyayo hakuna anayeuhangaikia. Nyuma ya paja hakuna anayepahangaikia. Mimi nikipewa sanamu ya shujaa yeyote, awe Spider-Man au huyu wako, namgeuza kichwa chini miguu juu kabla hata sijamjulia hali.

Katika picha yako ya tatu nyayo zinaonekana, na kila unyayo una tundu la mviringo. Hilo ni la kumsimamishia kwenye kigingi cha kibao, ili mkusanyaji amweke kabatini amekaa mkao wa vita asianguke. Mwanasesere wa kuchezea tu mara nyingi hana haja nalo. Katika picha ya nne, nyuma ya paja, nasoma MARVEL, nasoma HASBRO, na chini yake nchi alikotengenezwa, China. Hapo ndipo jirani yako alipopatia neno, nadhani. Watu wengi wakiona China wanasema feki. Hasbro ni kampuni ya Marekani ya vitu vya kuchezea, lakini sanamu zake za asili kabisa hutengenezwa China na Vietnam. Kwa hiyo usisome neno, soma kingo za neno. Za kwako, hata kwa picha ya simu, ni kali: herufi A ina tundu lake, herufi R ina mguu wake.

Nikueleze kwa nini kingo zinasema kweli. Mwenye kampuni ana kalibu yake, yaani kile chuma chenye umbo ambamo plastiki ya moto hushindiliwa. Mwigaji hana. Anachofanya mara nyingi ni kununua sanamu ya asili, kutengeneza kalibu juu ya mwili wake, kisha kumimina plastiki yake mwenyewe. Na plastiki ikipoa husinyaa. Nakala inatoka fupi kidogo kuliko mama yake, na kila mstari mwembamba unatoka umefifia, kama muhuri wa ofisi uliogongwa mara ya tano bila kurudi kwenye wino. Ukizisimamisha mbili bega kwa bega unaona bila kioo. Kama yule kijana wa chuo ana wa kwake, mwombe muwapime kimo.

Dalili nyingine za feki unaweza kuzisikia kwa mkono na pua: wepesi wa ajabu, mshono mkali ubavuni mahali ambapo vipande viwili vya kalibu vilikutana, harufu ya plastiki isiyokwisha hata baada ya wiki dirishani, rangi iliyovuka mpaka wake. Kuna wanaopima kwa kuchoma na sindano ya moto. Ukimwona mtu amekuja na sindano, mpokonye sanamu yako kwanza, salamu baadaye.

Kwa hiyo ninavyoona mimi, huyo ni wa asili. Lakini mpwa wangu, hiyo ni nusu ya swali tu, na nusu yenyewe ndiyo ndogo. Wa asili yupi?

Kampuni hiyohiyo, shujaa huyohuyo, hutoka kwa daraja tofauti. Kuna wa sentimita 30, Titan Hero, mkubwa wa kumpendeza mtoto dukani, lakini viungo vyake unavihesabu kwa vidole vya mkono mmoja: shingo, mabega, nyonga, basi. Kuna wadogo wa bei nafuu, tena wa kimo kilekile cha kwako, ambao filamu ya Black Panther ilipotoka mwaka 2018 waliuzwa kwa watoto. Viungo vichache, rangi chache. Halafu kuna Marvel Legends, wa inchi 6, ambao ndio wakusanyaji wanaowapigania. Hao walianza mwaka 2002 chini ya kampuni ya Toy Biz, na Hasbro wakaipokea kazi hiyo mwaka 2007. Mtu akikwambia kwa simu "nina Black Panther wa asili wa Hasbro", hajakwambia bado kama ana kitu cha elfu kumi au cha laki.

Kinachowatenganisha ni viungo. Mshike uhesabu. Shingo, kimoja. Mabega, viwili. Juu ya kiwiko, pale mkono unapozunguka kama bisibisi, viwili. Viwiko viwili, vifundo vya mikono viwili. Tumbo linalokunja mtu akiinama, kimoja. Nyonga mbili, mapaja yanayozunguka mawili, magoti mawili, vifundo vya miguu viwili. Hapo una 18. Sasa kunja kiwiko chake: kama ngumi inafika begani, kiwiko hicho kina maungio mawili ndani ya kimoja. Goti vilevile, kisigino kikigusa paja. Ongeza 4, unapata 22. Katika picha yako ya tatu goti la kushoto limekunjwa mpaka mwisho na naona pini mbili. Wa bei nafuu hana goti hilo. Huyo ni Legends.

Hapa naomba radhi nipotee kidogo. Mwaka 1964 Hasbro hao walitoa mwanajeshi wa kuchezea, G.I. Joe, wa inchi 12, wakaona neno la mwanasesere litawakimbiza wavulana, wakabuni jina jipya la Kiingereza lenye maana ya sanamu ya vitendo. Yote kwa ajili ya aibu ya wavulana! Sisi tumekaa na mwanasesere wetu, na sijaona mtoto wa kiume hapa Tororo akimkataa shujaa kwa sababu ya jina. Huyo mtoto wa dada yako, aliuliza?

Tuendelee. Umeshajua ni wa asili na ni wa daraja la juu. La tatu ni ukamilifu, na hapa ndipo wako anapoanza kupungua. Sanamu za Legends hufika zimefungwa na vitu vyake, na kwa wengi wao ni mikono ya kubadilisha, ya ngumi na ya kucha wazi. Wako amebaki na mikono aliyovaa. Tena, katika kundi lile la 2018 kila boksi lilikuwa na kipande cha mtu mwingine kabisa. Ndiyo, mtu mwingine. Okoye, yule jemadari mwanamke wa filamu hiyo, hakuuzwa peke yake katika kundi hilo; ulinunua huyu ukapata kiungo, ukanunua wenzake wa filamu, Killmonger ukapata kingine, Nakia kingine, mpaka Okoye akasimama. Biashara hiyo ya kumjenga mtu kwa vipande nimeistaajabia miaka mingi, inamfanya mtu mzima anunue sanamu sita apate ya saba. Kipande cha Okoye kilichokuwa na wako kimebaki Ulaya au Marekani chini ya kitanda cha mtoto fulani. Rudi kwa yule mama wa Owino upekue gunia lilelile. Vitu vya mtoto mmoja mara nyingi husafiri pamoja katika belo. Mkono mdogo mweusi wenye kucha, au mguu usio na mwenyewe, usiupite.

Boksi halipo, na hilo linakata sana. Aliyefungwa bado na aliyefunguliwa ni bidhaa mbili. Huko Marekani kuna shirika linaloitwa AFA ambalo kazi yake ni kupima sanamu hizi, kuzipa alama hadi 100 na kuzifungia ndani ya boksi gumu la plastiki angavu. Kijana wa chuo anaweza kukutajia. Mwache aseme. Gharama ya kumpeleka wako huko na kumrudisha inamzidi yeye mwenyewe.

Halafu hali ya mwili. Mkono uliolegea ni kasoro ndogo. Kuchubuka kifuani ni kasoro ya macho. Wewe unaiona kwa sababu umeshaambiwa ni wa thamani. Goti lililoganda ndilo linalonitia wasiwasi, na hapa nina kidonda changu.

Katika ule mfuko wa deni kulikuwa na Wolverine. Goti lake liliganda kama la wako. Mimi, mtu niliyefungua saa ndogo za kike tangu nina miaka kumi na sita, niliyefundishwa na marehemu mwalimu wangu kwamba kitu kikikataa usikilazimishe, nilimshika paja kwa mkono huu na unyayo kwa mkono ule nikapinda. Tak! Pini ikakatika ndani ya goti, nusu huku na nusu kule. Mke wangu alikuwa mlangoni ameshika sufuria. Hakusema neno, akarudi jikoni, na hiyo ndiyo iliyoniuma.

Basi usipinde. Goti hugandishwa na rangi iliyoshikamana ndani ya ungio, au na plastiki iliyokaa mkao mmoja miaka mingi. Chukua kikombe cha maji ya moto, ya kiwango ambacho unaweza kuingiza kidole ukakitoa haraka, yasiwe yanachemka. Mtumbukize mguu dakika moja au mbili. Plastiki inalainika. Mtoe, ujaribu goti taratibu, mbele na nyuma, kwa nguvu ya kugeuza ufunguo mdogo wa saa. Likikataa, rudisha kwenye maji. Likikubali, likunje mara kadhaa kisha mtie maji baridi. Njia hiyohiyo hunyoosha mkuki uliopinda na mguu uliokaa upande: moto unyooshe, baridi ukamate.

Mkono uliolegea usiuguse, na kifua usikipake kalamu ya fedha ya dukani. Nakusihi. Mkusanyaji anasamehe mchubuko, rangi ya kupakwa hasamehi, kwa sababu akishaiona kifuani anaanza kuitafuta kila mahali.

Sasa pesa.

Zile dola 80 ulizoona si bei, ni ombi. Mimi naweza kuandika kwenye mlango wangu kwamba glasi hii ya chai ni laki tano, na glasi ikakaa hapo hadi wajukuu waikute. Kwenye soko la mtandaoni kama eBay kuna mahali pa kuchagua uone vilivyokwisha kuuzwa tu. Bonyeza hapo, utazame waliouzwa bila boksi na bila vipande, kama wako. Utaona namba zinashuka kama boda inayoteremka kilima bila breki. Kumbuka pia kwamba mwaka 2018, akiwa mpya ndani ya boksi lake, huko Marekani aliuzwa kama dola 20 tu. Na hata kama mtu wa huko angempenda, nani atalipa posta kutoka Kampala, na nani atalia kifurushi kikichelewa? Mnunuzi wako ni yule anayeweza kuja kwenye steji yako kwa miguu.

Kwangu mimi, sanamu ya Legends ya asili, mwili mzima, bila boksi, bila mikono ya ziada, bila kipande cha Okoye, goti moja bovu, hapa kwetu ningeinunua 50,000. Nikiwa nimetoka kulipwa, 70,000. Yule kijana wa chuo anatoa 150,000 kwa sababu anamtaka huyu, si kwa sababu ndiyo thamani yake. Labda rafu yake ina pengo. Labda ni mmoja wa hawa wanaokusanya kila chenye jina la Uganda ndani yake, na filamu hiyo inalo: Daniel Kaluuya aliyecheza W'Kabi amezaliwa London kwa wazazi wa Uganda, na Florence Kasumba aliyecheza Ayo, mlinzi wa mfalme, amezaliwa palepale Kampala kwenu. Vyovyote iwavyo, mwambie ukweli wote, goti, mkono na kifua, umwoneshe nyuma ya paja, na kama bado anatoa 150,000, pokea siku hiyohiyo. Usimwambie utafikiria.

Kuhusu mtoto. Hukuniandikia ana umri gani. Kama ni wa kutia vitu mdomoni, mnyang'anye leo, auzwe asiuzwe. Mikono ile inachomoka na koo la mtoto ni dogo. Kama ni mkubwa, mambo ni mengine. Mimi ningeuza, lakini ningemkalisha kwanza nikamwambia: huyu amepata mchumba wa laki moja na nusu, tukimwoza, elfu thelathini ni zako na Jumamosi tunakwenda Owino pamoja kupekua magunia. Akikataa, basi amekataa; mlipe kijana wa chuo kwa maneno mazuri. Ila umshauri asilale naye upande ule wa goti kabla hujalilainisha.

*

Mjomba, mimi ni mama wa Mbale. Marehemu kaka yangu alirudi kutoka Uingereza na Superman mdogo, kama sentimita 12, mguuni ana herufi ndogo za DC COMICS na mwaka 1984. Kape yake, lile joho la mgongoni, haipo. Mwanangu anasema mwaka huo hauwezi kuwa wa kweli kwa sababu Superman ni wa zamani zaidi. Nani mkweli?

*

Wote wawili, dada yangu. Superman alitoka kwa mara ya kwanza kwenye gazeti la michoro mwaka 1938. Mwaka unaoandikwa mwilini mwa sanamu ni wa haki ya umbo lile, si wa kuzaliwa kwa shujaa, na mara nyingi si hata mwaka sanamu yenyewe ilipotoka kiwandani, kwa sababu kalibu moja hutumika miaka kadhaa na namba yake haibadilishwi. Wengi hudanganyika hapo, hasa wanaouziwa.

Ila kwa wako namba hiyo inanifurahisha. Tazama kama pembeni ya DC kuna neno KENNER. Kampuni hiyo ilianza mwaka 1984 kutoa kundi la mashujaa walioitwa Super Powers, na halikudumu, mwaka 1986 lilikuwa limekwisha. Siri yao iko ndani ya mwili. Shika miguu yote miwili ya Superman uibane taratibu, kama unavyobana ndimu usiyotaka ikurukie. Mikono ikirusha ngumi, ni yeye, na mashine yake bado hai. Ikinyamaza, usirudie kwa nguvu. Ndani mna kitu chembamba, na habari ya Wolverine wangu umeisoma hapo juu.

Kape ilikuwa ya kitambaa chekundu. Usimshonee nyingine kwa kusudi la kuuza. Kwa kusudi la kumkumbuka kaka, mshonee nzuri.

*

Fundi, salaam kutoka Arua. Nina Batman niliyemfungia kwenye kavera miaka minne ili asiingie vumbi. Nimemtoa, miguu inanata kama gundi na kape ina mafuta. Ameoza?

*

Hajaoza, anatoka jasho. Plastiki laini ya kape na ya miguu huwekwa kiowevu cha kuilainisha ili isivunjike, na kiowevu hicho kwa miaka mingi hupanda juu ya ngozi. Joto la kwenu linakihimiza, na kavera imekizuia kuondoka, kikakaa palepale. Mwoshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya maji kidogo, kwa mswaki laini wa mtoto, mfute, aachwe kivulini apigwe na upepo siku mbili. Huenda ukarudia baada ya miezi. Petroli, mafuta ya taa na ile dawa ya kuondolea rangi ya kucha visimkaribie, vitakula rangi yake usoni. Na usimwanike juani kumkausha. Jua hugeuza plastiki nyeupe kuwa manjano na nyeusi kuwa kijivu. Dirisha langu linatazama magharibi, na mmoja wa wale kumi na mmoja ana upande mmoja wa uso kama karatasi ya zamani. Nilimgeuza nikiwa nimechelewa.

Kavera itumie kwa mihogo.

*

Mjomba Fundi, miaka miwili iliyopita ulitugusia kwa mstari mmoja habari ya Wolverine uliyemvunja goti. Ulimtupa? Msomaji wa Busia.

*

Sikumtupa. Nilitoa nusu zote mbili za pini kwa sindano, nikatoboa upya kwa keekee ya mkono ninayotumia kwenye mikanda ya chuma, nikamtia pini ya mkanda wa saa ya kiume, milimita 18, nikaikata hadi ikaingia. Inang'aa gotini, mtu yeyote anaiona. Mwaka jana mtu wa Kampala alipita kutengeneza saa, akamwinua, akamgeuza unyayo juu bila kuambiwa, nikajua ni mwenzangu. Akaliona goti, akauliza bei. Nikamwambia huyo hana bei, ana pini ya kwangu. Akacheka akalipia saa yake akaondoka, na Wolverine bado yuko hapa karibu na glasi. Anakunja, lakini kwa mbele kidogo tu.